Mizani Mbili: Louise Thaden na Mbio za Ndege, 1929 hadi 1936

Neno rubani ni la zamani katika Kiswahili. Kabla ya kupewa mtu aendeshaye ndege, lilikuwa la mtu ajuaye miamba na mikondo, ambaye nahodha humwachia uongozi chombo kikaribiapo bandari. Rubani huyo aliulizwa jambo moja tu: aijua njia au haijui? Akiijua, chombo kilifika. Asipoijua, mwamba ulitoa hukumu. Lau kipimo hicho kingalipanda angani pamoja na neno lenyewe, historia ya mashindano ya ndege ingalikuwa fupi na nyepesi kusimulia. Lakini katika nchi ya Marekani, ambako mashindano hayo yalikua upesi kuliko kwingi, palitumika mizani mbili. Mwanamume alipoanguka, watu walisema ajali haina kinga, wakamzika kwa heshima, na mbio zikaendelea. Mwanamke alipoanguka, watu walisema samaki mmoja akioza wote wameoza. Maisha ya Louise Thaden yalipita katikati ya mizani hizo mbili, na kwa hiyo yafaa kuchunguzwa.

Jina lake la kuzaliwa ni Iris Louise McPhetridge. Alizaliwa tarehe 12 Novemba 1905 katika Bentonville, mji mdogo wa jimbo la Arkansas. Aliingia chuo kikuu cha jimbo hilo, akatoka bila shahada, akapata kazi katika mji wa Wichita, Kansas, kwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe. Mwili ulikuwa katika makaa, moyo ulikuwa kwingine: kila alipopata nafasi miguu yake ilimpeleka katika kiwanda cha ndege cha Travel Air. Bahati ilikuwa kwamba mwajiri wake alikuwa na fedha zake katika kiwanda hicho, na Walter Beech, mmoja wa wakuu wake, akamwona binti huyu asiyechoka kutazama injini. Katika mwaka wa 1927 alitafutiwa kazi kwa wakala wa Travel Air huko California, na pamoja na mshahara alipewa mafunzo ya kuruka bila malipo. Mwaka uliofuata alipata cheti cha urubani, chenye namba 850 na sahihi ya Orville Wright. Mwaka huo huo aliolewa na Herbert von Thaden, mhandisi wa ndege aliyepata kuwa rubani wa jeshi.

Hakukawia kuonyesha alichojifunza. Mwezi wa Desemba 1928 alipanda hadi futi 20,260, kimo ambacho hakuna mwanamke aliyekuwa amekifikia kwa hesabu rasmi. Mwezi wa Machi 1929 alikaa hewani peke yake saa 22 na dakika 3. Mwezi uliofuata alikwenda kwa mwendo wa maili 156 kwa saa. Wengine walizivunja rekodi hizo baada ya muda mfupi, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Lakini yeye alikuwa mwanamke wa kwanza kuzishika zote tatu, ya kimo, ya muda na ya mwendo, kwa wakati mmoja.

Mwaka huo wa 1929 ndipo wanawake wa Marekani walipofunguliwa mlango wa mashindano ya masafa marefu. Wasimamizi wa mbio za taifa zilizofanyika Cleveland, Ohio, walikubali kuwa na mbio za wanawake kutoka Santa Monica, katika pwani ya Pasifiki, hadi Cleveland, mwendo wa maili zipatazo 2,700. Kila mshindani alitakiwa awe ameruka peke yake saa 100, na 25 kati ya hizo ziwe za safari ndefu. Palitokea shauri kwamba mbio zianzie mashariki ya milima, ili wanawake wasivuke vilele na jangwa, na shauri jingine kwamba kila mmoja afuatane na mwanamume wa kumwongoza. Amelia Earhart na wenzake walikataa. Walijua kwamba mtu akishikwa mkono njia nzima hatasemwa kuwa alikwenda mwenyewe. Wakaachiwa njia nzima, wakaruka peke yao. Mchekeshaji Will Rogers aliyaita mashindano hayo mbio za kitambaa cha poda, yaani kile ambacho mwanamke hujipakia poda usoni. Watu walicheka, na jina likabaki.

Walioandikishwa walikuwa 20, na miongoni mwao mlikuwa na Thea Rasche wa Ujerumani na Jessie Keith-Miller wa Australia. Waliondoka tarehe 18 Agosti. Urubani wa siku zile haukuwa starehe. Chumba cha rubani kilikuwa wazi. Jua la jangwa lilimchoma kutoka juu na joto la injini kutoka mbele. Redio haikuwapo ya kumwelekeza. Alisoma njia kwa dira, kwa ramani iliyopeperushwa na upepo, na kwa reli zilizoonekana chini. Thaden alikuwa na taabu ya ziada. Alipokuwa akiileta ndege yake kutoka Wichita kwenda mahali pa kuanzia, alishikwa na kizunguzungu na kuishiwa nguvu kwa sababu moshi wa injini uliingia chumbani, na katika moshi huo mlikuwa na hewa ile isiyo harufu wala rangi, ambayo huua mtu kimya kimya. Dawa iliyopatikana ilikuwa bomba la upana wa inchi nne, lililopitishwa kutoka nje hadi karibu na uso wake. Kutoka Santa Monica mpaka Cleveland, Louise Thaden alivuta pumzi kwa bomba.

Yamkini mwenzake mmoja hakuwa na bahati hiyo. Marvel Crosson, rubani hodari aliyezoea kuruka katika baridi ya Alaska, aliyekuwa pia na ndege ya Travel Air, hakufika kituoni siku ya pili ya mbio. Alionekana akianguka katika bonde la mto Gila, Arizona, na siku iliyofuata maiti yake ilipatikana karibu na mabaki ya ndege, mwavuli wake wa kuokolea ukiwa haukumfaa. Chanzo hakikuthibitika, wengi wa waliofikiri baadaye wameihesabu ile hewa ya sumu kuwa ndiyo iliyomlevya.

Mara makelele yakainuka. Magazeti yalichapa rai za watu mashuhuri waliotaka mbio zisimamishwe siku hiyo hiyo, kwa hoja kwamba wanawake wamekwisha kuonyesha hawawezi. Ili kuipima hoja hiyo yafaa kurudi nyuma miaka miwili. Katika mwezi wa Agosti 1927 palitolewa zawadi ya mashindano ya kuruka kutoka Oakland, California, hadi visiwa vya Hawaii. Ndege mbili tu zilifika. Watu kumi walikufa, kabla ya mbio, katika mbio, na katika kuwatafuta waliopotea. Na marubani wote walikuwa wanaume. Mwanamke mmoja, mwalimu wa shule aitwaye Mildred Doran, alipotea baharini akiwa abiria. Wako waliolaumu zawadi, na wako waliolaumu pupa ya kuondoka bila maandalizi. Lakini hapakuwa na aliyeandika kwamba wanaume waondolewe angani. Basi watu kumi kwa upande mmoja hawakutosha kuwa hoja, na mtu mmoja kwa upande wa pili alitosha.

Wanawake wakashauriana, wakaamua kuendelea. Waliona kwamba kusimama kungekuwa kumuua Marvel Crosson mara ya pili, kwa kuwapa wapinzani ushahidi waliokuwa wakiutafuta. Safari ilikuwa na misukosuko mingi. Blanche Noyes aliona moto umewaka ndani ya ndege yake hewani katika Texas. Akatua kwenye nyika, akauzima kwa mchanga, akaruka tena. Pancho Barnes aligonga motokaa wakati wa kutua. Margaret Perry alilazwa hospitali kwa homa ya matumbo. Bobbi Trout alianguka upande wa Mexico, akaitengeneza ndege, akawafuata wenzake. Tarehe 26 Agosti Louise Thaden alitua Cleveland akiwa wa kwanza katika daraja la ndege nzito. Gladys O'Donnell akawa wa pili, Amelia Earhart wa tatu. Katika daraja la ndege nyepesi alishinda Phoebe Omlie. Wanawake wasiopungua 14 waliimaliza njia. Kwa mbio ndefu za zama zile idadi hiyo haikuwa ya kuonea haya.

Faida kubwa ya safari ile ilikuwa kujuana. Washindani walikuwa wamezoea kila mmoja kuwa peke yake katika kiwanja cha ndege cha mji wake, kama mgeni katika nyumba ya watu. Sasa waliona kwamba wao ni kundi. Tarehe 2 Novemba 1929 walikutana 26 katika Long Island, New York, wakaunda chama cha marubani wanawake, ambacho kiliitwa Ninety-Nines kwa kuwa wanachama wa asili walikuwa 99. Thaden alikuwa katibu katika miaka ya mwanzo, na Earhart alichaguliwa rais wa kwanza mwaka wa 1931. Ustahimilivu wa Thaden ulionekana tena Agosti 1932, yeye na Frances Marsalis walipokaa hewani juu ya Long Island muda wa saa 196, yaani zaidi ya siku nane, bila kugusa ardhi. Petroli waliipokea kwa mpira kutoka ndege nyingine, na chakula na maji viliteremshwa kwa kamba. Kwa wakati huo Thaden alikuwa mama wa mtoto mmoja, na wa pili akazaliwa mwaka uliofuata.

Kisha ikaja tarehe 4 Septemba 1933. Siku hiyo katika mashindano ya kimataifa ya Chicago mwanamke mmoja alishindana na wanaume watupu katika mbio za maili 100 za kuzunguka nguzo. Aliitwa Florence Klingensmith, mtu wa Minnesota, aliyejifunza urubani katika Fargo na kuwashawishi wafanyabiashara wa mji ule wamsaidie kununua ndege yake ya kwanza. Katika mwaka wa 1931 alikuwa amepindua ndege hewani mara 1,078 mfululizo mbele ya mashahidi. Ndege aliyopewa Chicago ilikuwa ya aina ya Gee Bee, na ilikuwa imetiwa injini yenye nguvu kupita ile ambayo mwili wake uliundiwa. Klingensmith alikwenda vizuri mizunguko mingi, akiwa wa nne, kwa mwendo uliozidi maili 200 kwa saa. Ghafula kitambaa cha bawa kikaraka na kubanduka. Aliitoa ndege katika mzunguko, akaipeleka mbali na majukwaa ya watazamaji. Kisha pua ikainama, ndege ikaanguka, naye akafa hapo hapo.

Siku mbili kabla yake, katika mashindano yale yale, Roy Liggett alikuwa amekufa ndege yake ilipovunjika hewani. Na miaka miwili kabla yake Lowell Bayles, rubani maarufu wa ndege za Gee Bee, alikuwa amekufa Detroit katika kutafuta rekodi ya mwendo. Vifo hivyo viliulizwa maswali ya fundi: bawa lilikuwaje, injini ilikuwaje. Kifo cha Klingensmith kiliulizwa maswali ya jinsi nyingine. Walikuwapo waliodai kwamba udhaifu ulikuwa wa mwili wake, na hata hali ya mwezi ya wanawake ilitajwa, ingawa kitambaa kilichobanduka kilikuwa kimeonwa na maelfu ya macho. Bawa lilisahauliwa, akakumbukwa mwanamke. Katika mwaka wa 1934 wasimamizi wa mbio za taifa za Cleveland waliwafungia wanawake mlango, pamoja na mlango wa mbio mashuhuri za kuvuka bara za Kombe la Bendix, zilizoanza mwaka wa 1931. Earhart alionyesha hasira yake kwa namna iliyoeleweka: alikataa kumchukua kwa ndege mchezaji sinema Mary Pickford, aliyealikwa kuzifungua mbio hizo. Mwaka huo huo Frances Marsalis, mwenzake Thaden wa siku nane za hewani, alianguka na kufa katika mbio za wanawake huko Dayton, Ohio, na wenye kutafuta sababu wakapata ya kuongezea.

Mlango ulifunguliwa tena kwa Bendix mwaka wa 1935, na Earhart akamaliza akiwa wa tano. Mwaka wa 1936 waandalizi waliweka zawadi ya dola 2,500 kwa mwanamke atakayetangulia wanawake wenzake, awe wa ngapi awavyo. Zawadi hiyo ilikuwa ya hisani, na ilikuwa pia kukiri bila kusema kwamba hapakutazamiwa mwanamke kuzipata dola 4,500 za mshindi wa wote. Wakati huo Thaden alikuwa akifanya kazi ya serikali pamoja na Omlie na wengine, ya kuhimiza miji iandike majina yake kwa herufi kubwa juu ya mapaa ili marubani wasipotee. Walter Beech sasa alikuwa na kiwanda chake mwenyewe Wichita, na mkewe, Olive Ann Beech, alikuwa na sauti katika mambo ya kiwanda. Mama huyu alishauri wampe mwanamke ndege yao, kwa hoja ya kibiashara: mwanamke akishindwa hakuna atakayestaajabu, na akishinda ndege itajiuza yenyewe.

Basi tarehe 4 Septemba 1936, miaka mitatu kamili tangu kifo cha Klingensmith, Louise Thaden na Blanche Noyes waliondoka New York katika ndege ya Beechcraft C17R, kwenda Los Angeles, mwendo wa maili zipatazo 2,450. Ndege yao haikuwa ya mashindano. Ilikuwa ya kuuzwa kwa mtu yeyote, yenye injini ya nguvu za farasi 420. Mbele yao walikuwapo mabingwa wenye ndege za kasi. Lakini Roscoe Turner alikuwa ameivunja ndege yake kabla hajafika mahali pa kuanzia. Benny Howard na mkewe walianguka New Mexico baada ya panga moja la rafadha kung'oka. Wote wawili waliokoka kwa majeraha makubwa, naye Howard akapoteza mguu. Ndege ya Joe Jacobson ilipasuka juu ya Kansas, naye akajiokoa kwa mwavuli.

Thaden hakuisukuma injini hadi mwisho wa nguvu zake. Alitua Wichita kwa petroli, ambako Beech alimhimiza aongeze mwendo. Akaondoka, akapambana na upepo wa mbele na redio isiyosikika vema, akafuata ramani. Alipokaribia Los Angeles jua lilikuwa likimpiga machoni katika ukungu, hata akaukata mstari wa mwisho kutoka upande usiotakiwa. Yeye na Noyes waliamini wamekuwa wa mwisho, wakaiongoza ndege pembeni, kama mtu aingiaye karamuni amechelewa. Watu waliwafuata mbio kuwaambia kwamba wameshinda. Muda wao ulikuwa saa 14 na dakika 55. Wa pili alikuwa Laura Ingalls, aliyeruka peke yake; Earhart na Helen Richey walikuwa wa tano. Thaden alipokea dola 4,500 za mshindi pamoja na zile 2,500 za hisani, na mwaka huo akapewa Tuzo ya Harmon.

Wako watakaosema kwamba aliwashinda waliovunjikiwa na ndege. Ni kweli, na ni hapo hapo penye fundisho. Mbio za masafa marefu ni mtihani wa rubani kuijua ndege yake, akajua imhimize lini na imsitiri lini. Wanaume wale hawakuanguka kwa kuwa ni wanaume, wala Thaden hakufika kwa kuwa ni mwanamke. Panga la Howard lilikatika kama kitambaa cha Klingensmith kilivyobanduka, kwa sababu za chuma na nguo. Mwenye kukubali neno hilo kwa Howard hana budi alikubali kwa Klingensmith. Na mwenye kulikataa kwa mmoja alikatae kwa wote wawili. Hayo ndiyo yaliyotakiwa na wanawake wale tangu mwanzo. Hawakuomba mizani ipendelee upande wao. Waliomba iwe moja.

Kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki tarehe ile ina jambo la pili. Jioni ya siku iyo hiyo ya 4 Septemba 1936 Beryl Markham aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake, kuivuka Atlantiki kwa njia ngumu ya kwenda magharibi, upepo ukiwa usoni. Markham aliletwa Kenya akiwa mtoto mdogo, akakulia Njoro, akasema Kiswahili tangu utotoni, akafunza farasi wa mashindano, kisha akajifunza urubani Nairobi kwa Tom Campbell Black, yule aliyekuwa mmoja wa washindi wawili wa mbio kuu za mwaka 1934 kutoka Uingereza hadi Melbourne. Baada ya saa 21 na dakika 25 alishuka katika kinamasi cha Cape Breton, Kanada, pua ya ndege ikiwa topeni, naye mzima. Wanawake hao wawili hawakupatana wala kungojana. Lakini wakati mmoja alipokuwa akilipwa Los Angeles kwa kuvuka bara, mwingine alikuwa gizani juu ya bahari.

Thaden aliandika kumbukumbu zake mwaka wa 1938, na mwaka huo akaacha mashindano. Kombe la Bendix la mwaka huo huo lilichukuliwa na mwanamke mwingine, Jacqueline Cochran, na safari hii hapakuwa na aliyeweza kuliita ajabu la mara moja. Alikufa tarehe 9 Novemba 1979 katika High Point, North Carolina. Kiwanja cha ndege cha Bentonville, mji alikozaliwa, kinaitwa kwa jina lake. Marvel Crosson na Florence Klingensmith hawakupata umri wa kuandika kumbukumbu. Wao waliacha kesi, na kesi hiyo mwenzao aliyeokoka aliijibu kwa njia pekee ambayo wakati ule ingesikilizwa: alifika, na alifika wa kwanza.